Katika Mji wa Cádiz, Bandari ya Kale ya Hispania

Fungueni kitabu cha ramani, mtazame upande wa kusini wa Hispania, pale Ulaya inapokaribia kugusana na Afrika. Magharibi ya mlango wa bahari wa Gibraltar mtaona pwani inayoelekea Bahari Kuu ya Atlantiki, na katika pwani hiyo kipande chembamba cha nchi kilichonyoshwa majini kama kidole. Juu ya ncha ya kidole hicho umejengwa mji wa Cádiz. Wakaaji wa Bukavu wataelewa upesi, kwa kuwa wamezoea kuona rasi zao zinavyoingia katika ziwa la Kivu. Lakini rasi ya Cádiz ni ndefu na nyembamba zaidi, na upande wake wa magharibi hakuna ng'ambo inayoonekana; ni maji tu mpaka Amerika.

Tulifika huko mwisho wa mwezi wa Oktoba, baada ya hija ya Fatima, sisi walimu watatu wa Kongo pamoja na padri mmoja wa kwetu anayesoma Sevilla. Yeye ndiye aliyetufasiria maneno ya wenyeji. Kutoka Sevilla safari ya treni ni ya muda wa saa moja na nusu hivi. Karibu na mwisho wake, nchi inalala chini na kuwa tambarare, na pande zote mbili yaonekana mabwawa ya chumvi yenye kung'aa juani, ambayo watu wa pwani hiyo wameyatumia tangu zamani sana. Halafu treni inaifuata ile shingo nyembamba ya mchanga, bahari kushoto na ghuba kuume, mpaka inasimama karibu kabisa na bandari. Siku hizi liko pia daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 2015 kuvuka ghuba. Limepewa jina la Katiba ya mwaka 1812, nasi tutaeleza mbele kidogo katiba hiyo ilikuwa nini, maana inatuhusu sisi watu wa Afrika.

Mji wenyewe si mkubwa. Wakaaji wake ni zaidi kidogo ya laki moja, na hesabu yao inapungua mwaka kwa mwaka, kwa sababu rasi imejaa nyumba na vijana huenda kutafuta kazi na makao mahali pengine. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuzunguka mji wa kale wote kwa muda wa asubuhi moja. Njia zake ni nyembamba na nyumba ni ndefu, hata jua lenyewe hupata shida kufika chini. Mawe ya kuta za kale yametolewa ufukoni, nayo yamejaa makombe ya bahari yaliyogandamana. Ukipapasa ukuta wa kanisa, vidole vyako vinagusa chaza wa zamani. Na kwenye pembe za njia nyingi tuliona mizinga ya kale imesimikwa ardhini, mdomo juu, kusudi magurudumu ya magari ya farasi yasiharibu nyumba. Silaha zilizotengenezwa kwa kuua zimefanywa vizuizi vya njia. Tulifurahi kuona hivyo.

MJI WA KALE SANA

Mapokeo ya Warumi yasema kwamba Cádiz ilijengwa yapata miaka 1100 kabla ya Kristo. Wataalamu wanaochimba ardhi hawajaona mabaki ya zamani namna hiyo, lakini wamefukua nyumba za karne ya 9 na ya 8 kabla ya Kristo, na hilo latosha kuuweka mji huu katika miji ya kale kabisa ya Ulaya ya magharibi. Waliouanzisha ni Wafoinike kutoka Tiro, ule mji ambao sisi Wakristo twaujua kwa sababu Bwana wetu alitembea katika mipaka yake, akamponya binti wa mwanamke Mkanaani. Waliuita Gadir, maana yake mahali palipozungushiwa ukuta. Wako pia wataalamu wanaodhani kwamba Tarshishi, ile nchi ya mbali alikotaka kukimbilia nabii Yona, ilikuwa katika sehemu hizi za Hispania ya kusini. Kama ni hivyo, Yona alikuwa ameazimia kweli kwenda mbali, maana kwa watu wa wakati ule hapa palikuwa mwisho wa dunia.

Katika nyumba ya makumbusho ya mji tulionyeshwa majeneza mawili ya marumaru, yaliyochongwa kwa sura ya watu, mwanamume na mwanamke. Yalitengenezwa yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Lile la mwanamume lilifukuliwa mwaka 1887. Baadaye mkuu wa makumbusho, Bwana Pelayo Quintero, aliamini kwamba lazima liko na la mwanamke. Akachimba huku na huko miaka mingi, asilipate, hata akafa mwaka 1946. Mwaka 1980 watu waliokuwa wakichimba msingi wa jengo jipya walilikuta mahali ilipokuwa nyumba yake mwenyewe. Mzee yule alilala miaka yote juu ya kitu alichokitafuta.

Mwaka huo huo wa 1980 ilionekana pia sehemu ya ukumbi mkubwa wa michezo wa Warumi, uliokuwa umefunikwa na nyumba za mtaa wa Pópulo. Upana wake wakadiriwa kuwa mita 120. Chini ya utawala wa Roma mji uliitwa Gades, na watu wake walikuwa matajiri kwa biashara ya jodari, chumvi na mchuzi wa samaki uliosafirishwa katika mitungi mpaka Roma. Hapa pia alizaliwa Columella, aliyeandika katika karne ya kwanza vitabu kumi na viwili juu ya kazi za shamba: namna ya kulima, kupanda mizabibu, kufuga nyuki na ng'ombe. Tunawaambia wanafunzi wetu jambo hili kwa kusudi, maana wako wanaofikiri kwamba mtu aliyesoma hapaswi kuijua jembe.

MINARA YA WAFANYA BIASHARA

Tarehe 25 Septemba 1493 Kristofa Kolombo alitweka matanga hapa kwa safari yake ya pili, akiwa na merikebu 17. Toka hapo bahati ya Cádiz ilifungwa na Amerika. Mwanzoni biashara yote ya nchi zile mpya ilisimamiwa Sevilla, mji ulio ndani juu ya mto Guadalquivir. Lakini merikebu zilizidi kuwa kubwa na mto ulizidi kujaa mchanga, hata mwaka 1717 Mfalme Filipo wa Tano aliihamishia Cádiz ile ofisi kuu iliyosimamia biashara ya Amerika. Karibu karne nzima fedha ya Meksiko na Peru, sukari, kakao, tumbaku na dawa ya kwinini vilipita katika bandari hii.

Nyumba za wafanya biashara wa wakati ule zingalipo, na mpango wake ni wa akili. Chini kabisa palikuwa ghala ya bidhaa. Juu yake chumba cha makarani. Juu tena makao ya bwana na jamaa yake. Na ghorofa ya mwisho ni ya watumishi. Juu ya dari kulijengwa mnara wa kutazamia, ili bwana aone merikebu yake ikirudi na kutuma habari kwa bendera. Zaidi ya minara mia moja ya namna hiyo imesalia. Ulio maarufu ni mnara wa Tavira, uliofanywa mwaka 1778 kuwa mnara rasmi wa ulinzi wa bandari. Ndani yake, tangu mwaka 1994, mna chumba cha giza chenye kioo na lenzi juu ya paa. Mwangaza wa nje hushuka kupitia lenzi hiyo na kuangukia meza nyeupe ya mviringo, na juu ya meza hiyo unaona mji mzima ukiishi: nguo zikipepea juu ya madari, ndege wakiruka, merikebu ikitoka bandarini polepole. Hakuna umeme ndani ya kazi hiyo. Ni sheria ya mwangaza tu, ambayo mwalimu aweza kuionyesha kwa sanduku lenye tundu dogo.

Utajiri namna hii haukosi kuvuta maadui. Mwaka 1587 Mwingereza Francis Drake aliingia ghubani akachoma merikebu nyingi. Mwaka 1596 Waingereza na Waholanzi waliuteka mji, wakauteketeza kwa moto pamoja na kanisa kuu. Askari waliiburuta sanamu ya Bikira Maria mpaka sokoni, wakaikata kwa panga mikono, na mtoto Yesu aliyepakatwa wakamvunja. Sanamu hiyo iko mpaka leo Valladolid, katika seminari ya Waingereza Wakatoliki. Vijana wa taifa lile lile lililoikata waliiomba wenyewe, waipokee na kuiheshimu kwa malipizi, nayo haijatengenezwa majeraha yake. Huu ni mfano wa kukumbukwa na sisi ambao vita vimepita katika makanisa yetu.

KATIKA NYUMBA ZA MUNGU

Kanisa kuu la sasa lilianzwa mwaka 1722, likamalizika mwaka 1838. Miaka 116 ni mirefu. Fedha ilikwisha mara nyingi, na mafundi waliofuata hawakupenda mtindo wa wale waliotangulia. Basi, ukitazama kutoka nje waona mawe ya rangi mbili, mazuri chini na mepesi juu. Kuba lake limefunikwa kwa vigae vya manjano, na kutoka baharini linang'aa kama dhahabu. Ndani, hewa ya chumvi imekula mawe ya dari, hata kwa miaka mingi ilibidi kutandaza nyavu ili vipande visiwaangukie waamini. Tuliteremka katika kaburi lililo chini ya altare, ambalo liko chini kuliko uso wa bahari. Humo amezikwa Manuel de Falla, mtungaji wa muziki aliyezaliwa hapa mwaka 1876, akafia Argentina mwaka 1946. Tuliposimama kimya tulisikia ngurumo ndogo kama ya moyo.

Lakini nyumba iliyotugusa kuliko zote ni ndogo, nayo huitwa Santa Cueva, yaani Pango Takatifu. Ina makanisa mawili, moja juu ya jingine. La chini ni la giza, halina mapambo, na mbele yake pana kundi la Msalaba: Bwana wetu msalabani pamoja na Mama yake. Hapo watu walikusanyika siku ya Ijumaa Kuu kutafakari maneno saba ya Yesu aliyoyasema kabla ya kufa. Padri José Sáenz de Santa María alitaka muziki wa kufaa ibada hiyo, akamwandikia Joseph Haydn, mtungaji mkubwa wa Austria, yapata mwaka 1786. Haydn mwenyewe alieleza ilivyokuwa: kuta, madirisha na nguzo vilifunikwa vitambaa vyeusi; taa moja tu iliwaka katikati; saa sita milango ikafungwa. Askofu akapanda mimbarani, akatamka neno la kwanza na kulieleza, akashuka akapiga magoti mbele ya altare, nao muziki ukajaza kimya kile. Ikawa hivyo mpaka neno la saba, na mwisho sauti za vyombo zikaiga tetemeko la nchi. Muziki huo sasa hupigwa duniani kote, na si wengi wajuao kwamba uliombwa na padri mmoja wa mji wa pwani kwa ajili ya waamini wake.

Kanisa la juu ni kinyume cha lile la chini: ni jeupe, la mviringo, limejaa mwangaza, na huko Francisco de Goya alichora picha tatu, mojawapo ni ya Karamu ya Mwisho. Mitume hawakukaa mezani kama tulivyozoea kuwaona, wamejilaza chini kumzunguka Bwana, kwa desturi ya kula ya zamani zile.

WATU WEUSI WA CÁDIZ

Mgeni aweza kuyaona hayo yote, akala samaki wa kukaanga na zile chapati nyembamba za uduvi zinazosifiwa sana, akarudi kwao bila kuuliza swali moja. Sisi hatukuweza kukaa bila kuliuliza: je, mababu zetu walipita hapa?

Walipita. Katika karne ya 17 Cádiz ilikuwa mmojawapo wa miji ya Hispania yenye watumwa wengi. Wengine walikuwa Waislamu waliotekwa vitani baharini, wengine ni watu weusi waliotolewa pwani za Afrika. Walibeba mizigo bandarini, walipika, walilea watoto wa mabwana zao. Na watu weusi hao, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na vyama vyao vya kidini, vyenye mabendera yao, sikukuu zao na sheria ya kuzikana. Mtu ambaye hakuwa na mali ya nafsi yake alikuwa na ndugu wa kumsindikiza kaburini na kumwombea Misa. Tulipopiga magoti mbele ya Mama wa Rozari, msimamizi wa mji, katika kanisa la Wadominiko, tuliwafikiria hao ambao majina yao hayakuandikwa juu ya ukuta wowote.

Mwaka 1765 iliundwa mjini humu kampuni iliyopewa na mfalme ruhusa ya kupeleka watumwa Wafrika katika nchi za Hispania huko Amerika. Na hata katika karne ya 19, biashara hiyo ilipokwisha kukatazwa na mikataba, walikuwako bado wenye mali wa Cádiz waliopeleka merikebu zao kwa siri pwani ya Afrika, na wengi wa waliochukuliwa walishushwa Kuba. Kutoka kinywa cha mto Kongo na pwani zake walitolewa watu wengi sana. Huko Kuba waliitwa Wakongo, na maneno ya Kikongo yamesalia katika nyimbo za wajukuu wao mpaka leo.

Lakini haki yatutaka tuseme na jambo jingine. Kutoka pwani hii hii, katika bandari ya Sanlúcar de Barrameda iliyo jirani ya Cádiz, mwanzoni mwa mwaka 1645 walipanda merikebu Wakapusini wa kwanza waliotumwa katika ufalme wa Kongo. Walifika Soyo mwezi wa Mei mwaka huo, wakapokelewa baadaye Mbanza Kongo na Mfalme Garcia wa Pili. Wengi wao walikufa kwa homa kabla ya kujifunza lugha vizuri. Basi bahari ile ile ilichukua minyororo, ikachukua na Injili. Asiyetaka kusema juu ya ile minyororo hasemi kweli yote, wala asiyetaka kusema juu ya hao waliokufa kwa ajili yetu.

KATIBA YA SIKU YA MTAKATIFU YOSEFU

Mwaka 1808 majeshi ya Napoleoni yaliingia Hispania na mfalme akafungwa Ufaransa. Nchi karibu yote ilitekwa, isipokuwa Cádiz, ambayo ilizungukwa na maadui toka Februari 1810 mpaka Agosti 1812, nayo haikufunguka. Ndani ya mji huo uliozingirwa walikutana wajumbe wa Hispania na wa nchi za Amerika. Mwisho walikaa katika kanisa la Mtakatifu Filipo Neri, jengo la umbo la yai, ambalo sauti ya mtu mmoja husikika vema kila upande. Huko walitunga katiba, ikatangazwa tarehe 19 Machi 1812. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ambaye Wahispania humwita kwa upendo Pepe, watu waliipa katiba jina la La Pepa.

Katiba hiyo ilisema kwamba taifa si mali ya jamaa moja wala ya mtu mmoja, na ikapunguza nguvu za mfalme. Ni katika katiba za kwanza za Ulaya kusema hivyo, na mataifa mengi yaliiiga. Kuta za kanisa hilo zimejaa vibao vya kumbukumbu vilivyoletwa kutoka Amerika.

Tuliuliza juu ya watu wetu. Kifungu cha 22 kiliwahusu wale wote ambao kwa upande wowote wa ukoo walihesabiwa kuwa na asili ya Afrika. Hao hawakupewa uraia pamoja na wenzao. Waliambiwa kwamba mlango wa fadhila na wa mastahili uko wazi kwao, yaani waustahili kwanza kwa matendo makubwa. Tena, katika kuhesabu watu ili kugawa viti vya wajumbe, hawakuhesabiwa. Mwaka 1811 padri mmoja wa Meksiko, José Miguel Guridi y Alcocer, alikuwa amesimama akaleta shauri la kuondoa utumwa hatua kwa hatua, na mjumbe Agustín Argüelles akaomba biashara ya watumwa ikomeshwe. Wenye mashamba ya sukari wa Havana walipiga kelele, wakasema watafilisika. Mashauri yale yalipelekwa katika kamati, yakazikwa humo. Utumwa haukukoma Puerto Rico ila mwaka 1873, na Kuba mwaka 1886.

Tunaandika haya kwa kuwa mambo ya namna hii hayakwisha duniani. Watu hukaa pamoja na kuandika maneno mazuri juu ya uhuru na usawa, halafu huongeza kifungu kidogo kumwacha mtu fulani nje ya mlango. Sisi wenyewe tuchunguze vyama vyetu, vijiji vyetu, hata parokia zetu: ni nani ambaye kwake tumeandika kifungu cha 22? Je, ni mgeni, ni mtu wa kabila jingine, ni mjane asiye na watoto?

SIKUKUU YA WATAKATIFU WOTE

Tarehe 1 Novemba tulikuwa bado mjini, na Misa tuliisikia katika mtaa wa La Viña, mtaa wa wavuvi. Ndio mtaa unaojulikana kwa nyimbo za kanivali, ambazo kwa maneno ya kuchekesha huwasema wakubwa bila hofu. Serikali ya Jenerali Franco iliikataza kanivali hiyo mwaka 1937, lakini watu hawakusahau kuimba.

Siku hiyo La Viña hukumbuka jambo zito. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi, tetemeko kubwa la nchi liliangusha Lisboni, na baada ya muda bahari iliinuka mbele ya Cádiz. Maji yalivunja ukuta upande wa La Caleta yakaingia mitaani. Wengi walikimbilia ile shingo ya mchanga iunganishayo mji na bara, na huko mawimbi ya pande mbili yaliwameza. Mapokeo ya mtaa yasema kwamba katika kanisa la Mama wa Mtende Misa ilikuwa ikisomwa. Mapadri wakatoka na bendera ya Bikira Maria, wakaisimika njiani mbele ya maji, wakaomba, nayo maji yakasimama yakarudi. Tangu hapo kila mwaka hufanyika maandamano ya shukrani. Tuliyaona: wazee kwa vijana, mishumaa mikononi, sanamu ya Mama ikichukuliwa polepole katika njia nyembamba, na wanawake madirishani wakifanya ishara ya msalaba. Mvuvi mmoja mzee alimwambia padri wetu, “Baba, sisi bahari inatulisha, lakini hatuiamini.”

TARIFA

Kesho yake, siku ya Marehemu wote, tulipanda basi kwenda Tarifa, mji wa mwisho wa jimbo la Cádiz upande wa kusini. Hapo upana wa bahari ni kilometa 14 tu mahali palipo pembamba, nasi tuliiona milima ya Moroko kwa macho yetu wenyewe. Baada ya juma nyingi za ugenini, tulisimama kimya tukiitazama Afrika.

Katika ufuko wa Los Lances, karibu na Tarifa, tarehe 1 Novemba 1988 mawimbi yalileta maiti za vijana wa Moroko ambao mashua yao ilizama usiku. Walikuwa wa kwanza kujulikana na watu wengi. Toka siku ile maelfu wamekufa katika njia za bahari ziendazo Hispania, na kati yao wamo wengi waliotoka kusini mwa jangwa la Sahara. Katika makaburi ya Tarifa wako waliozikwa bila jina, kwa sababu hakuna aliyejua ni watoto wa nani. Tulisali Rozari hapo. Mmoja wetu, ambaye mdogo wake aliondoka nyumbani miaka minne iliyopita kwa njia ya kaskazini na hajaleta neno lolote, hakuweza kumaliza fumbo la tatu, nasi tukamalizia.

Wazazi na walimu wenzetu, hatuwaambii kwamba kusafiri ni dhambi. Baba wa jamaa hukimbia vita na njaa, na Mtakatifu Yosefu mwenyewe alikimbilia Misri usiku pamoja na Mtoto na Mama yake. Lakini tuwaeleze vijana wetu ukweli. Zamani mtu alifungwa akatiwa merikebuni kwa nguvu. Leo kijana aweza kulipa fedha ya shamba la baba yake ili apandishwe katika mashua isiyofaa hata kuvua samaki, naye anayemlipa ni ndugu ya wale wafanya biashara wa kale kwa roho. Tuwaonyeshe ramani, tuwape hesabu ya kilometa na ya wafu, tusikie kwanza shida zinazowasukuma, kisha tutafute pamoja nao la kufanya hapa. Na kijana akiisha ondoka, tusiache kumwandikia wala kumtafuta, hata akituletea aibu.

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Katika sala ya jioni, jamaa zikiwataja wafu wao kwa majina, ziongeze Baba Yetu moja kwa ajili ya waliolala katika bahari ile, wa zamani na wa sasa, ambao Mungu peke yake ayajua majina yao.